Seli Mpya Katika Betri Kuukuu ya Ndege



Mwanafunzi mmoja wa ufundi, mkaaji wa Goma, ameuliza swali lililonipendeza mno. Asema hivi: "Mwalimu, nyumbani kwetu tochi ikififia twatoa jiwe moja lililokufa, twatia jipya, na nuru yarudi. Nimesikia ya kuwa betri ya ndege nayo ina seli nyingi ndani ya sanduku moja. Je, fundi aweza kutoa seli moja mbovu na kutia nyingine? Nami nikipanda ndege hiyo, nitakaa kwa amani?"

Jibu fupi ni hili: ndiyo, fundi aweza, tena jambo hilo hufanyika kila siku katika karakana za ndege duniani. Lakini seli ile ngeni yapasa iwe pacha wa wenzake, na awepo mtu mwenye mamlaka aliyeipima ndani ya sanduku la namna ile ile, wala si kwingineko. Jibu refu lataka uvumilivu kidogo.

Kwanza tutazame kwa nini habari hii yatuhusu sisi watu wa Kivu kuliko wengi wengine. Mtu wa Ulaya akikosa ndege hupanda garimoshi. Mtu wa Goma atakaye kwenda Kisangani, Bunia au Beni hana garimoshi, na barabara yake yaweza kuwa matope matupu au kufungwa kwa vita. Kwa miaka mingi ndege ndogo zimekuwa daraja letu. Zimebeba wagonjwa, walimu, chanjo na sabuni, hata madini: huko Kilambo, karibu na Walikale, ndege zilikuwa zikitua juu ya barabara yenyewe kuchukua kasiteriti na kuileta Goma. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na uwanja wa ndege ukafungwa, tulionja sote maana ya kukosa daraja hilo.

Twajua pia kwamba ndege zaweza kuua, tena si abiria peke yao. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora iliangukia mtaa wa Birere, watu wakiwa katika biashara zao. Tarehe 4 Machi 2013 ilianguka nyingine hapa mjini, na tarehe 24 Novemba 2019 ndege ndogo ya Busy Bee, iliyokuwa ikienda Beni, iliangukia nyumba za watu. Sisemi hata kidogo kwamba betri ndiyo iliyoleta mojawapo ya misiba hiyo. Nazitaja ili mtu asiniambie ya kuwa mambo ya karakana ni ya mafundi peke yao.

Sasa tuingie katika sanduku. Jiwe la tochi ni seli moja. Seli kadhaa zikifungwa pamoja, mwisho wa hii ukishikana na mwanzo wa ile, ndipo twapata betri. Katika ndege nyingi za injini ya tabo zilizozoeleka hapa kwetu, betri ni ya nikeli na kadimiamu, namna iliyobuniwa na Msweden Waldemar Jungner mwaka 1899. Kila seli hutoa volti 1.2, na seli 20 pamoja hutoa volti 24. Maji yaliyomo ndani si asidi kama ya betri ya gari, bali ni maji makali ya jamii ya magadi, yaani potasi. Ndiyo sababu karakana njema huwa na chumba cha betri za asidi na chumba kingine cha betri za potasi, wala bisibisi ya huku haivuki kwenda kule: asidi kidogo tu yatosha kuharibu seli ya potasi.

Betri hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuamsha injini. Katika viwanja vikubwa liko gari la umeme linalosaidia kuwasha, lakini katika kiwanja cha majani ndani ya msitu hakuna gari hilo, na betri yapasa kutoa mamia ya ampea kwa nguvu zake yenyewe. Ikiwa dhaifu, injini huzunguka polepole, hewa inayoingia ni haba, mafuta huwaka kwa joto kupita kiasi, na mapanga ya tabo huungua. Betri ya bei ndogo imekwisha kula injini ya bei kubwa.

Kazi ya pili haionekani mpaka siku ya taabu. Jenereta zikifa angani, betri ndiyo inayobaki kuendesha redio na vyombo vya kumwongoza rubani katika mawingu. Kanuni zilizofuatwa na watengenezaji wengi wa ndege ndogo zimetaja muda wa dakika 30. Nusu saa si muda mrefu kwa rubani aliye juu ya msitu wa Walikale, akitafuta mahali pa kushuka huku milima ya Masisi imefunikwa na ukungu.

Tuje sasa kwa seli mbovu. Umeme katika betri hii hupita ndani ya seli zote 20, moja baada ya nyingine, kama maji katika mfereji mmoja. Hakuna seli iwezayo kusema: mimi nimechoka, nipumzisheni. Ile iliyo dhaifu hukauka kwanza, na wenzake 19 wenye nguvu bado huendelea kusukuma umeme ndani yake kwa nguvu, hata pande zake hugeuka, iliyokuwa chanya ikawa hasi. Hapo hutoa hewa ya hidrojeni, hupata joto, na huharibika zaidi. Wakati wa kutia umeme yatokea kinyume: seli ile yenye tumbo dogo hujaa mapema, na umeme unaozidi hugeuza maji yake kuwa hewa.

Hatari kubwa yaanzia hapo. Kati ya bamba na bamba ndani ya seli kuna utando mwembamba sana. Joto likiutoboa, umeme hupata njia ya mkato ndani ya seli yenyewe. Tena betri ya nikeli na kadimiamu ina tabia moja mbaya: ikipata joto, yapokea umeme zaidi kutoka jenereta, na umeme ule waongeza joto, na joto lile laita umeme zaidi. Moto hujilisha wenyewe. Marubani walifundishwa jambo hili kwa mateso. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walitoa sheria kwamba ndege iwashayo injini kwa betri ya namna hii iwe na chombo cha kuangalia joto lake, au njia nyingine ya kulizuia, ili rubani apate kuikata mapema.

Basi, mwanafunzi wangu, waona kwa nini kulinganisha na tochi kwatufikisha mahali fulani tu. Katika tochi jiwe baya laleta giza, nawe wapapasa njia ya kwenda kitandani.

Wengi hudhani kwamba wakitia seli mpya yenye nguvu sana katika betri kuukuu wameitendea wema. Sivyo. Betri haitoi zaidi ya kile kiwezacho kutolewa na seli yake dhaifu kuliko zote. Walioisikia Injili wanakijua kile kiraka kipya katika vazi kuukuu, nami siongezi neno. Hata seli mbili zilizoandikwa namba moja, tuseme ampea 40 kwa saa, zaweza kutofautiana sana. Huenda moja ina mabamba manene na nyingine mabamba membamba. Moja hukubali kutoa umeme mwingi kwa ghafula na nyingine hugoma. Moja yataka maji mengi, nyingine machache. Utando wa hii huvumilia joto, wa ile hauvumilii. Mambo hayo hayaandikwi juu ya kifuniko. Ndiyo sababu vitabu vya kazi hukataza kuchanganya seli za aina mbalimbali katika sanduku moja, na vingi huweka kikomo cha seli zinazoweza kubadilishwa kabla betri nzima haijaondolewa kazini.

Je, fundi mwema hufanyaje? Huitoa betri katika ndege kwa wakati uliowekwa, hata kama haijaonyesha ubaya. Huisafisha, hupima kila seli, kisha huimwaga umeme wote. Seli zikiwa karibu kukauka, huziba kila moja kwa kipande cha waya ili zote zifike sifuri pamoja, kama wanafunzi warudishwao darasa moja kabla ya kuanza somo upya. Ndipo hutia umeme polepole, akitazama volti ya kila seli na kuongeza maji yaliyotoneshwa karibu na mwisho wa kutia. Seli inywayo maji kupita wenzake yatangaza ugonjwa wake. Halafu huja mtihani: betri ya ampea 40 kwa saa hutozwa ampea 40 mfululizo, naye fundi hutazama saa. Kwa kadiri ya kitabu, yapasa itoe asilimia 80 au 85 ya kiasi kilichoandikwa. Asilimia 85 ni dakika 51. Seli iangukayo kabla ya wakati huo hupewa nafasi nyingine, na ikianguka tena hutolewa. Iingiapo ngeni, mtihani huanza upya kwa betri nzima, si kwa ile ngeni peke yake. Mwisho fundi hukaza nati za viunganisho kwa kipimo kilichoamriwa, maana nati iliyolegea hupata joto kama pasi ya makaa.

Kazi hiyo yaweza kula siku mbili au tatu. Mwenye ndege anayepoteza fedha kila saa hapendi kuisikia.

Hapo ndipo lazuka shindano kubwa ambalo wasomaji wetu wapaswa kulijua. Kampuni iliyotengeneza betri husema: nunua seli zetu tu, nyingine zote ni hatari. Kampuni nyingine husema: sisi twatengeneza seli sawa na zile, kwa bei nafuu, na serikali imetupa kibali. Nani ana haki? Nisiwe mwepesi kumwamini mfanyabiashara yeyote anaposifu bidhaa yake. Ni kweli kwamba mtengenezaji wa kwanza ana faida yake katika kutisha watu. Nchini Marekani sheria imeruhusu tangu zamani mtengenezaji wa pili apate kibali cha kuuza kipuri, naye yampasa kuonyesha kwamba kipuri chake chafaa katika chombo fulani kilichotajwa kwa jina. Kipuri kama hicho si cha magendo.

Lakini seli ina ugumu wake. Boliti yaweza kupimwa kwa rula na kwa nguvu ya kuivunja. Seli yapasa kupimwa ikiwa pamoja na ndugu zake, katika joto na baridi, katika kutikiswa, baada ya kujazwa na kumwagwa mara nyingi, kwa chaja ya ndege ile. Seli iliyo njema kabisa peke yake juu ya meza yaweza kuwa mbaya kati ya wageni. Kwa hiyo mimi siulizi kwanza seli ilitengenezwa Ufaransa, Marekani au China. Nauliza: ni nani aliyeijaribu katika betri hii, na jina lake limeandikwa wapi?

Jina lenyewe nalo laweza kughushiwa. Mwaka 2023 wakuu wa usalama wa anga wa Ulaya, Uingereza na Marekani walitangaza kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya injini pamoja na hati za uongo, na makampuni makubwa ya ndege yakalazimika kufungua injini na kutafuta. Ikiwa hayo yalipita katika karakana zenye makarani wengi, sisi ambao vipuri vyetu hupitia mikono mitano kabla ya kufika hapa tusione haya kuuliza hati mara mbili. Tangu mwaka 2006 nchi za Ulaya zimeyaweka makampuni ya ndege ya Kongo katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwao, na sababu waliyoitaja hasa ni udhaifu wa ukaguzi wa serikali.

Huenda mtu akasema: ninyi wa Goma ni maskini, ndege mpya za nchi tajiri hazina taabu hizi. Msikilizeni jirani yetu wa Addis Ababa.

Agosti 2012 Ethiopian Airlines ilikuwa ya kwanza katika Afrika kupokea ndege mpya ya Boeing 787. Betri zake kubwa si za nikeli bali za lithiamu, seli 8 katika sanduku moja, na ndani ya seli hizo imo kobalti, madini ambayo nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya yote yachimbwayo duniani. Tarehe 7 Januari 2013 betri ya ndege moja ya Kijapani ya aina hiyo iliwaka moto ikiwa imeegeshwa Boston. Tarehe 16 ya mwezi ule ule ndege nyingine ya Kijapani ilishuka kwa haraka huko Takamatsu, betri yake ikitoa moshi. Ndege zote 50 za namna hiyo zilizokuwa kazini zikasimamishwa. Wachunguzi wa Marekani walieleza mwaka 2014 kwamba katika betri ya Boston seli moja ilipata njia ya mkato ndani yake, ikawaka, na ikawasha majirani zake moja baada ya nyingine.

Tazameni jambo moja lililojulikana baadaye. Kampuni ya All Nippon ilikuwa imekwisha kubadilisha betri 10 za ndege zake mpya kati ya Mei na Desemba 2012, kabla ya mkasa wa Takamatsu. Ilibadilisha, ndege zikaruka, kazi ikaendelea. Hazikuhesabiwa kuwa neno la hatari, ila taabu ya kawaida ya karakana. Kwa maoni yangu habari hii yafaa kusomwa katika kila shule ya ufundi, kuliko ile ya moto wenyewe.

Boeing iliweka vizuizi kati ya seli na seli, ikapunguza kiasi cha umeme wa kutia, na ikafungia betri katika sanduku la chuma lenye bomba la kutolea moshi nje ya ndege. Tarehe 27 Aprili 2013 ndege ya kwanza kurudi kazini na abiria iliruka kutoka Addis Ababa mpaka Nairobi, tena ilikuwa ya Waethiopia. Watu wakapiga makofi.

Miezi mitatu haikutimia. Tarehe 12 Julai 2013 ndege ya kampuni hiyo hiyo, iitwayo Malkia wa Sheba, ilishika moto karibu na mkia ikiwa imeegeshwa Heathrow, London, bila mtu ndani. Safari hii betri kubwa hazikuwa na kosa. Moto ulitoka katika betri ndogo ya lithiamu ya chombo kinachoita msaada ndege ikianguka. Wachunguzi wa Uingereza walikuta kwamba nyaya za betri ile zilibanwa chini ya kifuniko ilipofungwa, na yamkini ndizo zilizoleta njia ya mkato. Ndege ya thamani kubwa iliungua mgongo kwa sababu ya waya uliolala vibaya chini ya kibati.

Kwa betri za lithiamu za namna hiyo swali la mwanafunzi wetu lapata jibu jingine: fundi wa uwanjani hafungui sanduku kutia seli moja. Hutolewa betri nzima na kurudishwa kwa wenyewe. Ajaribuye kuifungua kama afunguavyo betri ya simu sokoni Virunga anacheza na moto, na safari hii sisemi kwa mfano.

Nawe mwanafunzi, ukipata nafasi ya kuingia katika karakana ya ndege, usitazame tu betri inavyong'aa. Omba uonyeshwe kadi yake. Kila seli ina namba ya mahali pake, na kila mabadiliko yapasa kuandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyeyafanya. Ukikuta kwamba seli ya mahali pa 10 imebadilishwa mara tatu katika muda mfupi, usiulize ya nne itapatikana wapi kwa bei nafuu. Tazama kwanza kama nati zake zimekazwa kwa kipimo, kama chaja inatia kupita kiasi, na kama hewa yapita vizuri kati ya seli za katikati, ambazo kwa kawaida hupata joto kuliko zile za pembeni.